Jinsi ya Kujiridhisha Kwamba Prosesa Mpya Ni Lazima

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuamua. Kama bado unajiuliza, kama una daftari la hesabu na subira ya kulijaza, tafadhali pita. Wapo wengine wa kukusaidia, na wengi wao wamenuna. Hapa tunashughulika na yule ambaye pesa ya mpunga imemwingia kwenye simu juzi, kompyuta yake inakwama kila gari linapokata kona ndani ya GTA V, na moyoni mwake jibu limeshapatikana: ni prosesa. Kilichobaki ni kutafuta swali linalofanana na jibu hilo.

Ninaandika kutoka Nyakabuye, wilaya ya Rusizi, pale milima inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Bugarama. Ni mahali pazuri pa kujifunza habari za joto. Bonde hilo halifiki mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, hakuna pa chini zaidi yake Rwanda nzima, na jua lake halibishi hodi. Juu ya hayo, ardhi yenyewe imeamua kuchemsha maji: tunazo Amashyuza, chemchemi za maji moto ambazo watu huja kujitumbukiza wapate nafuu ya mgongo na viungo. Kwa hiyo ukiweka sanduku la chuma lenye vitu vinavyowaka ndani ya chumba cha bati chenye dirisha moja, mambo fulani yatatokea. Lakini joto tuliache kwanza. Mwongozo unakataza kulitaja mapema, kwa sababu likitajwa mapema hakuna kitakachonunuliwa.

Kanuni ya kwanza, na kubwa kuliko zote: usipime. Windows ina dirisha dogo linaloonyesha kila kiungo cha kompyuta kinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Usilifungue. Ukilifungua huku gemu inaendelea utaona, tuseme, kadi ya picha iko 98 na prosesa iko 50, na hapo safari ya kwenda kuinunua Kamembe imekufa kabla hujapanda pikipiki. Maana yake ni kwamba kadi ya picha ndiyo inayohema; prosesa iko barazani inapunga upepo.

Ukiulizwa na mtu kwa nini ni hivyo, mjibu kwa mfano wa shambani. Prosesa ni kapita. Yeye ndiye anayesema nani asimame wapi, gari gani lipinde, risasi imempata nani, mpira umetoka au haujatoka. Akimaliza anawaambia vibarua: haya, pakeni rangi. Vibarua ni kadi ya picha. Kama vibarua wamezidiwa, ukileta kapita mwenye sauti kubwa zaidi hawaongezeki. Atapiga kelele tu mapema zaidi kisha akae awasubiri. Mfano huu ni mzuri mno, kwa hiyo usiutafakari kwa muda mrefu.

Hata hivyo nikupe tundu la kuponea, maana huu ni mwongozo wa kirafiki. Ile asilimia 50 inaweza kudanganya. Prosesa ya viini vinne inaweza kuonyesha 25 tu huku kiini kimoja kikiwa kimebeba mzigo wote na vitatu vinatazama, kama kazi za pamoja za mtaani zinavyoendaga. Gemu nyingi zina kazi moja nzito isiyogawanyika, na inayosubiriwa ni hiyo. Kwa hiyo ukibanwa na ushahidi, sema: "Lakini kiini kimoja kimejaa!" Mara nyingine itakuwa kweli.

Kuna jaribio lingine linalotegua kitendawili hiki kwa dakika tano, na ni la bure, ndiyo maana halipendwi. Unaingia kwenye mipangilio ya gemu, unashusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, kisha unacheza palepale ulipokuwa unakwama. Vibarua sasa wana ukuta mdogo wa kupaka. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikipanda, tatizo lilikuwa kadi. Fremu zikibaki zilezile, kapita ndiye mzembe, na hapo ungeweza kununua prosesa kwa dhamiri safi kabisa. Lakini ni nani ananunua prosesa ili apate dhamiri safi?

Tukimaliza kutopima, tuje kwenye kioo. Usitazame nyuma ya skrini yako palipobandikwa karatasi. Skrini nyingi zinazotufikia pamoja na kompyuta za ofisi za Ulaya ni za hezi 60: zinaonyesha picha 60 kwa sekunde, moja kila milisekunde 16.7, basi. Prosesa yako mpya ikitoa 110, skrini itakuonyesha 60 zilezile. Wacheza mashindano watakuambia kwamba hata hivyo kipanya huitika upesi zaidi, na wako sahihi. Sisi tunaocheza mechi na binamu baada ya kuvuna tunaweza kuishi bila hilo. Ni sawa na kupika wali wa watu mia kwa meza ya watu sitini. Wali si mbaya. Ila nani ataula?

Kuhusu gemu yenyewe, ichague kwa werevu. Ukimwonyesha mwenye busara PES 2013, ambayo nusu ya vijana wa ukanda huu wanaicheza mpaka leo kwa sababu inakubali hata kompyuta ya karani, atakucheka: ile haihitaji prosesa, inahitaji padi ambayo kitufe chake cha kupigia shuti hakijafa. Taja Counter-Strike 2, iliyotoka mwaka 2023. Hiyo kweli hupenda prosesa. Taja Football Manager, ambapo kazi kubwa ni hesabu: ligi unazozipakia zote zinachezwa kimyakimya mle ndani, na unaposubiri Jumamosi ifike unamsubiri kapita, si vibarua. Gemu zenye mji uliojaa watu, zenye majeshi, zenye maelfu ya vitu vinavyotakiwa kuamua cha kufanya, zote hizo ni mashahidi wazuri. Kama huchezi hata moja kati ya hizo, sema una mpango wa kuzicheza.

Sasa soketi. Hapa kejeli inaniishia kidogo, kwa sababu pesa za watu wengi zimezama hapa. Prosesa haiingii kwenye bodi yoyote kwa mapenzi yako. Kizazi cha nne cha Intel kinakaa kwenye soketi 1150. Cha sita na cha saba vinakaa 1151. Cha nane nacho kinakaa 1151, kinatumbukia vizuri, kifuniko kinafungwa, kila kitu kinapendeza, na kompyuta haiwaki, maana Intel walibadilisha mpangilio wa umeme na kizazi cha nane kinataka bodi za mfululizo wa 300. Muuzaji atakuambia "inaingia" na hatakuwa amesema uongo. Kiatu cha kushoto nacho huingia mguu wa kulia.

Na laptopu? Kwa laptopu nyingi za miaka kumi iliyopita prosesa imechomelewa kwenye bodi. Kwa hiyo mwenye laptopu amepona. Asome mwongozo huu kama hadithi tu.

Upo pia upande wa pili wa mto, nao nautaja kwa shingo upande kwa sababu unaharibu utani wangu. Wenye bodi za AMD za soketi AM4 walibahatika. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka 2017 anaweza, kwenye bodi ileile na RAM ileile, kuiondoa na kuweka Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022, au 5800X3D yenye akiba ya ndani ya megabaiti 96 ambayo gemu huipenda kama nzi na asali. Huyo akiwa na kadi nzuri na skrini ya hezi 144, kununua prosesa si wazimu, ni akili. Kitu kimoja tu: lazima kwanza asasishe programu ya BIOS ya bodi, na umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa palepale. Ninaishi chini ya msitu wa Nyungwe. Mvua yetu haitangulizi barua. Nimewahi kumwona kijana anasasisha BIOS mwezi wa nne, saa tisa alasiri, wingu jeusi limesimama juu ya msitu wa Cyamudongo, na midomo yake inacheza. Nilidhani anaimba. Alikuwa anasali.

Usisahau kujitungia sababu ya Windows. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ni sababu nzito na ya heshima, hata mzazi ataielewa. Kasoro yake ni kwamba ukiwa na bodi ya kizazi cha nne, prosesa kali kuliko zote zinazoingia humo bado haifiki kizazi cha nane. Unalipa, na mlango unabaki umefungwa. Lakini sauti ya sababu yenyewe ni tamu, itumie.

Bado kuna mama. Kwetu kila kifaa kipya huulizwa swali moja: "Hiyo inakula kiasi gani?" Mama hataki kujua viini wala gigahezi, anataka kujua umeme wa Cash Power utakwisha lini. Basi tufanye hesabu naye, taratibu. Kompyuta ya gemu ya hali yetu, pamoja na skrini, tuseme inakula wati 200. Ukicheza saa nne kwa siku, hiyo ni yuniti 0.8, kwa mwezi, yuniti 24. Katika bei zilizotangazwa Rwanda mwaka 2020, yuniti 15 za kwanza za mwezi zilikuwa faranga 89 kila moja, na kuanzia hapo hadi 50 zilikuwa faranga 212. Zile 15 za bei nafuu zimeshaliwa na taa, redio na simu za nyumba nzima. Gemu yako inakaa yote kwenye bei ya juu: kwa bei hizo, 24 mara 212 ni faranga 5,088, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 unapita 6,000 kidogo. Kila mwezi. Mama alisikiliza hesabu hii mpaka mwisho, akauliza: "Na hiyo mpya itapunguza?" Nikamwambia kwamba prosesa yangu ya i5 na ile ya i7 ninayoitaka zote zimeandikwa wati 84. Akarudi kuchambua maharage. Ninakushauri hatua hii uiruke.

Ruka pia habari ya RAM. Usiangalie kama una kijiti kimoja cha gigabaiti 8 badala ya viwili vya 4 au 8. Kijiti kimoja ni kapita anayepokea taarifa kwa njia moja huku ya pili imefungwa. Ukiongeza cha pili kinachofanana nacho, prosesa ileile hupumua, na kijiti cha DDR3 cha mtumba ni rahisi kuliko nauli ya kwenda kukibishania. Inasikitisha. Na diski ya SSD hufanya gemu ifunguke upesi na isisitesite inapopakia mtaa mpya, ingawa haiongezi fremu. Vitu vyote hivi ni vya bei ndogo, havina jina la kutamba nalo. Hakuna aliyewahi kusimama sokoni Bugarama akasema, "Jamani, nimeongeza kijiti cha RAM."

Basi na mimi nikafuata mwongozo wangu. Nilikuwa na kompyuta ya ofisi ya mtumba: i5-4570, viini vinne, gigahezi 3.2, na kadi ya GTX 1050 Ti, ambayo ndiyo rafiki wa kompyuta za aina hii kwa sababu inaridhika na wati 75 za kwenye bodi na haidai waya wake wa umeme. Mwanzoni gemu ilikwenda vizuri. Baada ya kiangazi cha pili ikaanza tabia: dakika kumi safi, kisha inakwama, inaachia, inakwama. Sikupima chochote. Nilishuka hadi Bugarama, nikapanda gari la Kamembe.

Muuzaji alikuwa na prosesa ndani ya kopo la maziwa ya unga, zimechanganyika kama maharage. Akatia mkono, akatoa moja, akaisugua kwenye suruali.

"Mukubwa, hii i7-4770. Mashini ya Bulaya. Utacheza mupaka uchoke weye."

"Na isipofanya kazi?"

"Itafanya."

Garanti yangu yote ilikuwa hiyo, nikaridhika nayo. Alitaja bei kwa dola, nikalipa kwa faranga, na katikati hapo kuna kitu kilipotea ambacho mpaka leo sijakielewa.

Jioni nikaifungua kompyuta, mdogo wangu ameshika tochi ya simu. Feni ya prosesa haikuwa na rangi tena. Kati ya mapezi ya alumini vumbi lilikuwa limeshikana likawa kitambaa, unaweza kulivuta kwa ncha ya kidole likatoka vazi zima. Ndani yake alikuwamo mende, mkavu, amekunja miguu kwa adabu. Nilipong'oa feni, ile pasta ya kupitisha joto ilikuwa imebaki juu ya prosesa kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, na ikabidi niisugue kwa pamba na spiriti. Nikapiga feni kwa mswaki wa zamani hadi mapezi yakang'aa. Nikaweka i7, nikatia pasta mpya kiasi cha punje moja ya mpunga, kipimo ambacho kwetu hakuna mtu asiyekijua, nikafunga.

Gemu ikateleza. Mji mzima wa Los Santos ndani ya GTA V, usiku, mvua, polisi watano nyuma yangu, hakuna kukwama. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu wa kuudhi. Niliwafundisha watu habari za nyuzi nane za kazi za i7 dhidi ya nne za i5 hata wasioniuliza, mmoja wao akiwa katika foleni ya mazishi.

Kisha akaja jamaa mmoja anayetaka kununua ile i5 yangu ya zamani. Hakuwa mjinga: alitaka aione ikifanya kazi. Nikafungua tena, nikaitoa i7, nikairudisha i5, punje nyingine ya pasta, nikawasha. Tukaingia Los Santos. Usiku, mvua, polisi. Tukasubiri ikwame. Dakika kumi, ishirini, nusu saa.

"Kaka," mdogo wangu akasema kutoka nyuma ya tochi, "kumbe ilikuwa vumbi."

"Nyamaza, shika tochi."

Hapa ndipo joto linaruhusiwa kutajwa. Prosesa hizi zikikaribia nyuzijoto 100 hazilipuki wala hazilalamiki. Hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, kutoka gigahezi tatu na kitu zinashuka, ikibidi hata hadi 0.8, zikipoa kidogo zinapanda tena. Ule kwama-achia, kwama-achia ndio huo. Kapita hakuwa mzembe. Alikuwa amefunikwa blanketi katika bonde la Bugarama, amekatazwa kunywa maji, na mimi nikaenda Kamembe kumtafutia mrithi. Jioni ile nikafungua pia lile dirisha dogo nililokukataza: kadi 98, prosesa 61. Nikabadilisha prosesa zote mbili kwa zamu, nikalinganisha. Kadi ilibaki 98.

Yule jamaa alitazama yote hayo akiwa kimya, akafikiri. Akasema yake nyumbani ni i3, nayo inakwama dakika ya kumi, na kwamba yeye hajawahi kuifungua tangu ainunue. Akaomba nimwachie pasta kidogo, akaifunga kwenye kipande cha nailoni, akaenda zake. Hakununua kitu.

Kwa hiyo i7-4770 ipo. Imetumika wiki tatu, haina kosa lolote, iko ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kabati, mbali na watoto. Mwenye bodi ya soketi 1150 ambaye ameshusha picha hadi 720 na fremu zikakataa kupanda, afike Nyakabuye, ateremke kabla ya Amashyuza, aulizie kijana wa kompyuta. Bei tutaelewana, kwa faranga. Mswaki aje na wake.